Utepe wa Treni ya Bi. Mosi

Wanaoijua nchi ya Shangilia watanisahihisha nikikosea, na wasioijua wasihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yake bado haijazinduliwa. Ni nchi njema. Watu wake ni watulivu, mvua yake hunyesha inapotaka, na sheria yake ya kwanza, ile ambayo watoto hufundishwa kabla ya kuhesabu, inasema hivi: kitu kisichokatiwa utepe hakijaanza.

Ndiyo maana daraja la Mto Mwendapole lilipokamilika, wananchi waliendelea kuvuka kwa kuogelea chini yake kwa miaka miwili na nusu, wakilitazama kwa fahari. Utepe hukatwa na mtu mmoja tu, naye ni Mkubwa, tena kwa mkasi mmoja tu, Mkasi wa Taifa, wenye gari lake, walinzi wake na daktari wake. Mkubwa ni mmoja, mkasi ni mmoja, na vitu ni vingi. Wananchi huelewa.

Sasa siku moja Mkubwa alimwandalia chakula mfalme mmoja wa mbali, mfalme mdogomdogo hivi, aliyekuja na wajukuu. Mjukuu mmoja, mtoto asiye na adabu za kidiplomasia, akauliza watoto wa hapa hupanda wapi treni ndogo. Akaeleza kwamba kwao zipo bustanini, zina kimo cha mbuzi, na siku za mapumziko familia nzima hupanda, baba mbele, mama nyuma, miguu ikining'inia. Mkubwa akafuta mdomo kwa kitambaa.

"Ah, hizo zipo nyingi," akasema. "Zimelizunguka jiji letu lote."

Mkubwa hakosei. Akisema kitu kipo, basi kipo, na kinachobaki ni kukitafuta tu. Kesho yake Wizara ya Furaha za Familia ilipewa siku kumi na nne za kutafuta treni ndogo zote zilizo jirani na jiji na kuziorodhesha katika kijitabu. Kuzijenga kulikatazwa kwa barua, kwa kuwa kujenga kungemaanisha hazikuwepo.

*

Wizarani alikuwapo Mlekwa Tindo, Afisa Mtafutaji Daraja la Tatu, mtu mpole mwenye kasoro moja iliyomchelewesha kupanda cheo: akitumwa mahali, alikwenda. Wenzake walizitafuta treni wakiwa wamekaa chini ya feni, na walizipata kwa kasi ya kutisha. Mmoja alipata tisa kabla ya chai ya saa nne. Mwingine alikumbuka shule ya chekechea iliyochorwa treni ukutani, akaiandika, na pembeni akaongeza kwamba mwendo wake ni wa wastani.

Mlekwa alitembea siku kumi. Alipita kwenye matanuri ya matofali, kwenye machimbo ya kokoto, nyuma ya viwanda vilivyofungwa. Mahali pamoja mtu alimpeleka kwa mbwembwe kuona treni, kumbe ni tangi la chuma lenye kutu, ndani yake kuku wawili wameatamia. Mlekwa akawaomba radhi kuku na kuendelea.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi. Mkewe, Siwema, alikuwa msibani, hivyo Mlekwa akaongozana na binti yao wa pekee, Tunu, mwenye miaka saba na maswali yasiyokwisha. Walifika Mabungoni, pale jiji linapochoka na migomba inapoanza. Wakasikia injini inakohoa, kisha honi, kisha watoto wengi wakipiga kelele kwa pamoja.

Nyuma ya nyumba ya kawaida kabisa palikuwa na treni. Injini yake ilikuwa ya mashine ya kusagia mahindi, mabehewa yake mapipa yaliyopasuliwa katikati, na reli zake vyuma vya madirisha vilivyounganishwa kipande kwa kipande. Ilizunguka mipera, ikapita nyuma ya choo, ikasalimiana na zizi la mbuzi, halafu ikapita chini ya kamba ya nguo, ambapo abiria wote walilazimika kuinama ili kanga mbichi zisiwapige usoni. Hapo ndipo kelele zilipotoka. Pembeni watoto wengine walipanga foleni, kila mmoja na dumu la maji.

Dereva alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amevaa ovaroli, miwani ya kuchomelea ameipandisha juu ya kilemba.

"Shikamoo, mama," Mlekwa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Na huyu bibiye, dumu lake liko wapi? Nauli hapa ni maji. Injini yangu ina kiu kuliko ng'ombe."

"Hatukujua, mama."

"Basi leo ni mgeni. Mgeni hana nauli. Panda, mjukuu wangu."

Huyo ndiye Bi. Mosi Kilanga. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mchomeleaji katika karakana ya reli, mpaka karakana ilipofungwa ili izinduliwe upya. Alirudi nyumbani, mikono ikamwasha, akaokota vyuma. Hakuwa na neno jingine la kueleza kuhusu hilo.

Tunu alipanda mara nne. Safari ya tatu Bi. Mosi alimkalisha mbele na kumkabidhi kamba ya honi, na mtoto akaivuta tangu mpera wa kwanza hadi wa mwisho, mbuzi wakashindwa la kufanya. Mlekwa naye alipanda, magoti yakiwa karibu na masikio, na kanga mbichi ikamkumba usoni. Alicheka. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Baadaye Bi. Mosi aliwatilia mihogo ya nazi, wakala kwa mkono wakiwa wamekaa kwenye kibaraza.

Mihogo ilipokwisha, Mlekwa alitoa daftari. Bi. Mosi akamtazama.

"Unaandika nini?"

"Mimi ni wa Wizara, mama."

"Nilijua. Viatu vyako ni vya barabarani, lakini soksi ni za ofisini. Sikiliza, mwanangu. Hii yangu haina utepe. Siku wakija na utepe wao, hawa watoto watapanda nini? Umekula mihogo yangu, mwanao amepiga honi yangu. Niahidi hutaiandika."

Mlekwa akafunga daftari, akaweka mkono kifuani. "Haki ya Mungu, mama, sitaandika."

Na alimaanisha. Nataka jambo hili lijulikane, maana baadaye hata yeye mwenyewe alilitilia shaka.

*

Siku ya kumi na nne Waziri wa Furaha za Familia, Mheshimiwa Kondo Majigambo, aliitisha kikao. Taarifa ikasomwa: treni ndogo arobaini na mbili zimepatikana, zote katika hali ya kuridhisha. Makofi yakapigwa. Waziri akainua mkono.

"Vizuri sana. Sasa nahitaji moja ya kupigwa picha."

Wote wakainamia mafaili yao. Feni ikaendelea peke yake.

"Mheshimiwa," mmoja akasema hatimaye, "treni hizi ni za kienyeji. Zina haya."

"Zote arobaini na mbili?"

"Zimelelewa vizuri, mheshimiwa."

Waziri akageuza macho. "Na wewe Mlekwa? Naambiwa wewe ulikwenda kwa miguu. Umepata ngapi?"

"Sikupata, mheshimiwa."

Kikao kizima kikaangua kicheko. "Huyu," akasema yule aliyepata tisa kabla ya chai, "hata ukimtuma baharini atarudi mkavu!" Wakacheka tena, na Waziri naye akacheka, akajifuta machozi.

Hapo ndipo ilipotokea. Laiti angetishwa, Mlekwa angekuwa na kitu cha kujifunika mpaka leo. Hakuna aliyetaja uhamisho, hakuna aliyetaja polisi. Walimcheka tu, na yeye alikuwa ndiye pekee katika chumba kile aliyeiona treni kwa macho yake, na jambo hilo likampanda kooni kama gesi ya soda.

"Ipo moja," akasema. "Ya kweli. Inatembea."

Ulimi hauna mfupa. Ulipoanza haukusimama: ulitaja Mabungoni, ukataja mipera, ukataja mapipa, na mwisho, bila hata kuulizwa, ukataja jina. Siku hiyohiyo alipandishwa hadi Daraja la Pili na kupewa kiti chenye mikono. Alikikalia. Kilikuwa kizuri, na alikichukia tangu dakika ya kwanza.

*

Msafara wa utepe ulikwenda Mabungoni wiki iliyofuata, na kwa kuwa Mlekwa peke yake ndiye aliyejua njia, alipanda gari la mbele. Bi. Mosi alikuwa anawapakia watoto. Alimwona Mlekwa akishuka. Alinyoosha mkono, akazima injini, akawashusha watoto mmoja mmoja na kumrudishia kila mtu dumu lake.

Kamishna wa Utepe akasoma karatasi: "Kwa kuwa treni hii haijaanza, inasimamishwa ili iweze kuanza!" Vijana wake wakazungusha utepe mwekundu kwenye injini, kwenye mapipa, kwenye mipera, na kwa bahati mbaya kwenye mbuzi mmoja, ambaye ilibidi naye asubiri kuzinduliwa. Askari wawili wakaachwa kulinda.

Likabaki tatizo dogo la kisheria. Watoto wa Mabungoni na mitaa ya jirani walikuwa wakidai kwamba wameshapanda. Mtu anapandaje kitu ambacho hakijaanza? Wataalamu walikaa siku tatu, wakaamua kwamba huo ni uzushi, ila kwa kuwa wazushi ni watoto, serikali kwa huruma yake itawasaidia. Fomu zikapelekwa katika shule zote za jiji. Juu ziliandikwa "Tamko la Hiari la Lazima," na chini mtoto alitakiwa aandike kwa mkono wake: Mimi fulani sijapanda.

Alasiri moja Tunu aliileta yake, akaiweka mezani na kuchonga penseli.

"Baba, mwalimu amesema niandike sijapanda."

"Ndiyo."

"Lakini nilipanda. Mara nne. Na honi nilipiga mimi. Niandike nini?"

Siwema alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

Mlekwa akaitazama fomu. Ilikuwa na mhuri wa Wizara yake. "Andika walivyosema," akajibu.

"Si uongo huo?"

"Hii ni fomu, mwanangu. Fomu si uongo."

Tunu alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa mwandiko mzuri, akinyoosha kila herufi. Siwema akaendelea kusonga kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji. Mlekwa alitoka nje akasema anawatazama kuku, ingawa hawakuwa na kuku. Alisimama uani akaona aibu, aibu ya kweli, inayomfanya mtu atamani kuvua ngozi yake na kuiacha kwenye kamba.

*

Matayarisho yalichukua miezi tisa, muda ambao Mabungoni walisema unatosha kumzaa dereva mpya. Kwanza mwili wa Mkubwa ulipimwa kwa siri, ikaonekana hauwezi kuingia katika nusu ya pipa, bali labda katika mapipa matatu. Kikachomelewa kiti cha enzi. Kiti kikalemea magurudumu, reli zikadidimia, ndipo zikaimarishwa kwa zege, pamoja na magurudumu. Mipera ikakatwa kwa sababu za usalama, kwa kuwa pera bichi likirushwa laweza kuumiza. Honi ikang'olewa isije ikafananishwa na king'ora cha msafara. Mwisho injini nayo ikaondolewa, maana mlio wake uliwashtua walinzi, na mahali pake wakapangwa askari wanane wa kusukuma, waliofunikwa kwa shuka lililochorwa injini.

Mlekwa alijaribu kuzuia. Aliandika barua akishauri kwamba raha ya treni ile ni urahisi wake. Akapongezwa, na ikaundwa Kamati ya Urahisi yenye wajumbe kumi na tisa. Akaandika kwamba watoto wanaikumbuka kamba ya nguo. Ikaletwa kamba ya taifa, yenye nguo zilizopigwa pasi, mita kumi juu. Kila barua yake ilikuwa jembe la kuchimbia kaburi, naye aliendelea kuandika kwa sababu kunyamaza kulimuuma zaidi.

Mwisho alikwenda kwa Bi. Mosi kwa miguu yake. Alimkuta jikoni anamenya mihogo. Hakukaribishwa, wala hakufukuzwa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Niliahidi."

"Uliahidi," Bi. Mosi akakubali.

"Hawakunitisha hata. Walinicheka tu."

"Mh." Kisu kikaendelea. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Karakana waliifunga nikiwa nimeshika chuma cha moto. Nikakiweka chini nikaja nyumbani. Hili nalo nitaliweka chini. Yule mtoto wako je? Wamemwandikisha?"

"Wamemwandikisha."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

Mlekwa alitazama maganda ya mihogo sakafuni.

"Basi hiyo radhi ipeleke huko," Bi. Mosi akasema. "Kwangu umepotea njia."

Alirudi nyumbani akiwa ameazimia kumwambia Tunu siku hiyohiyo. Mtoto alikuwa anafanya kazi ya shule. Kesho yake alikuwa na mafua. Wiki iliyofuata ilikuwa mitihani. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini ya Mlekwa hayakuwa na subira. Yalihamia kwake mapema, yakala naye, na ofisini yalimtangulia kukalia kile kiti chenye mikono.

*

Siku ya uzinduzi kijitabu kilitoka, chenye treni arobaini na tatu, na familia zikamiminika kutoka jijini na vikapu vya maandazi na chupa za chai. Mkasi wa Taifa ulifika saa nne kwa gari lake. Mkubwa alifika saa tisa.

"Kabla yangu," akanguruma, "mlikuwa mnakwenda mbele na kurudi nyuma. Leo nawaleteeni kuzunguka!"

Akakata utepe. Akapandishwa kwenye kiti. Askari chini ya shuka wakasukuma kwa nguvu zote, zege likapasuka kidogo, na treni ikasogea kiasi cha nusu hatua. Ilitangazwa kuwa ndiyo treni pekee duniani isiyopiga kelele, isiyotumia mafuta na isiyompoteza abiria. Mbuzi naye akakatiwa utepe wake.

Kisha Mkubwa akataka kuzungumza na mtoto. Afisa wa itifaki akamtwaa Tunu, kwa kuwa ni binti wa afisa na gauni lake lilikuwa safi, akamsimamisha mbele ya kipaza sauti. Bi. Mosi alikuwa ameketi safu ya pili, kwenye viti vya Wananchi Wenye Shukrani, amevalishwa fulana yenye uso wa Mkubwa. Mlekwa alisimama hatua mbili kutoka kwa mwanawe.

"Mwanangu," Mkubwa akauliza, "umewahi kupanda treni ndogo kama hii?"

Tunu akageuka akamtazama baba yake. Hakuwa na hofu, alikuwa anauliza tu, kama siku ile mezani. Kutikisa kichwa kungetosha. Hata kutabasamu kungetosha. Na kipaza sauti kilikuwa karibu kiasi kwamba Mlekwa angeweza kusema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwamba mama yule pale ndiye aliyeijenga. Maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo kwa wiki tatu. Akainamisha kichwa na kutazama viatu vyake.

"Sijapanda," Tunu akasema kwa sauti ya kusikika. "Sijawahi kupanda."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Bi. Mosi naye alipiga makofi, akimtazama mtoto na kumchekea, ili asije akadhani amekasirikiwa. Kwa Mlekwa hakutupa jicho hata mara moja.

Walirudi kwa miguu. Njiani walipishana na familia zilizobeba kijitabu, zikiuliza nyumba kwa nyumba ziko wapi zile treni nyingine arobaini na mbili. Kwenye kona ya tanuri la matofali Mlekwa akasimama, akachuchumaa mbele ya binti yake na kumshika mabega.

"Tunu, nisikilize. Ulipanda. Ulipanda mara nne, ukapiga honi, mimi nilikuwepo. Nilikuambia uandike uongo, na leo umeusema mbele ya watu kwa sababu yangu. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Neno lilikuwa limetoka. Alisubiri mtoto alie, au amkasirikie, au aulize moja ya yale maswali yake. Tunu alitazama nyuma, akatazama mbele, akahakikisha hakuna mtu wa karibu. Kisha akamwinamia sikioni na kumpapasa kichwa kwa huruma.

"Usiogope, baba," akamnong'oneza. "Sitamwambia mwalimu."

Akamshika mkono baba yake akamwongoza nyumbani.